Wataka gari la kuhimili njia za Doldol? Anza na tairi, kimo kitafuata

BARABARA itokayo Nanyuki kuelekea kaskazini huuacha Mlima Kenya mgongoni mwa msafiri na, baada ya zaidi ya kilomita 50, humfikisha Doldol, mji wa kiutawala wa Mukogodo katika Kaunti ya Laikipia. Anayeishia hapo hana haja ya gari la ajabu. Taabu humngoja yule anayeupita mji huo na kufuata vijia vya kuelekea Kimanjo, Il Ngwesi au mabonde ya Mto Ewaso Ng'iro. Huko njia ni alama mbili za magurudumu zinazopanda mwamba, zikazama mchangani, zikapotelea ndani ya laga, yaani mto wa msimu, kisha zikachomoza ng'ambo mahali pengine kabisa.

Kwa sababu hiyo, wenye magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne huyapeleka gerejini Nanyuki, Nyeri au Nairobi ili yabadilishwe. Miongoni mwao wamo wafanyabiashara wanaobeba abiria na mizigo, watumishi wa mashirika, na watalii wanaotafuta burudani ya njia mbovu. Ombi lao la kwanza kwa fundi aghalabu huwa moja: niinulie gari.

Ni ombi linaloeleweka. Gari refu linapendeza machoni, na mwenye nalo huhisi kwamba hakuna jiwe litakalomsumbua. Hata hivyo, mtu akichuchumaa na kutazama uvungu wa gari hilo, ataona kwamba pesa zake hazikununua alichokitaka.

Chini ya Land Cruiser za mfululizo wa 70, Land Rover Defender za zamani na magari mengine yenye ekseli nzima, kiungo kilicho karibu zaidi na ardhi ni bakuli la difu, lile tufe la chuma lililo kwenye ekseli. Ekseli imeshikwa na magurudumu, nayo springi imekaa juu ya ekseli. Fundi akiweka springi ndefu zaidi, kinachopanda ni bodi. Ekseli na bakuli lake hubaki palepale. Jiwe lililokuwa likiigonga difu jana litaigonga na leo, ijapokuwa dereva sasa ameketi juu zaidi na haoni vizuri kinachotendeka.

Kitu pekee kinachoinua difu katika magari ya aina hiyo ni tairi kubwa zaidi. Nalo pia faida yake ni ndogo kuliko wengi wanavyodhani.

Tuchukue mfano. Tairi lililoandikwa 265/75R16 lina upana wa milimita 265, ubavu wenye kimo cha asilimia 75 ya upana huo, na rimu ya inchi 16. Ukikokotoa, kipenyo chake ni karibu milimita 804. Likiondolewa na kuwekwa la 285/75R16, ambalo wapenzi wa njia mbovu hulisaka sana, kipenyo hufika milimita 834. Tofauti ni milimita 30, na kwa kuwa ni nusu tu ya kipenyo iliyo kati ya ekseli na ardhi, difu hupanda kwa milimita 15. Sentimita moja na nusu, baada ya kununua matairi manne, au matano ukihesabu la akiba.

Tena ukubwa huo una gharama zake. Kipimamwendo kikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari linakwenda karibu 83. Gia zote huwa nzito kana kwamba gari limeongezewa mzigo, na mlimani dereva hulazimika kushuka gia mapema. Breki, ambazo hazikubadilishwa, hulazimika kusimamisha gurudumu zito zaidi. Usukani ukikatwa hadi mwisho, tairi linaweza kusugua chesisi au ukingo wa bodi.

Kwa hivyo linalopaswa kumshughulisha mwenye gari kwanza ni tairi la aina gani, na limejazwa upepo kiasi gani. Ukubwa unaweza kungoja.

Ardhi ya eneo hili si moja. Karibu na Nanyuki na katika nyanda za Laikipia upo udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Ukielekea Mukogodo, udongo huwa mwekundu wenye changarawe, kisha mwamba mtupu, kisha mchanga wa laga. Tairi la matopeni, lenye meno makubwa yaliyoachana, hufanya kazi vyema katika matope ya kawaida kwa sababu hujisafisha linapozunguka. Kwenye udongo mweusi ulioloa, hata hilo hujaa na kuwa laini kama chapati, na dereva mwenye hekima huegesha akangoja jua. Kwenye mchanga, meno hayo huchimba shimo badala ya kuelea. Kwa anayetembea zaidi upande wa Doldol, tairi la matumizi mseto lenye ubavu mgumu ndilo lenye manufaa, maana adui mkuu huko ni mawe makali na miiba ya migunga.

Kuhusu upepo, hakuna badiliko lenye tija kubwa kwa gharama ndogo kama hili. Tairi linalobeba presha ya paundi 35 kwa inchi mraba kwenye lami, likipunguzwa hadi 18 au 20 mchangani, hulala na kurefuka chini, na uzito wa gari ukasambaa juu ya eneo kubwa zaidi. Gari lililokuwa likizama huanza kupita. Juu ya mawe, 25 inatosha kulilainisha tairi bila kuuanika ubavu wake kwa ncha za miamba. Masharti ni mawili: mwendo uwe wa pole, kwani tairi lenye upepo mdogo hupata joto kali likikimbizwa na huweza kuchomoka kwenye rimu kona ikikatwa ghafla, na pampu au kompresa iwemo garini, ili upepo urudishwe kabla ya kufika kwenye lami. Nimewaona vijana walionunua winchi ya maelfu ya shilingi wakakosa kipimo cha presha kinachoingia mfukoni.

Uzito wa juu ndio unaoua

Hapa ndipo penye hatari yenyewe, na pastahili kuelezwa bila haraka.

Gari husimama kwa sababu kitovu cha uzito wake kiko chini na katikati ya magurudumu. Likiinama ubavuni hadi kitovu hicho kivuke mstari wa magurudumu ya upande wa chini, hupinduka. Kadiri kitovu kinavyopanda ndivyo pembe ya kupinduka inavyopungua. Hayo kila mwanafunzi wa fizikia anayajua. Ambalo halifahamiki sana ni mambo gani hasa yanayokipandisha.

Chukua gari lenye uzito wa kilo 2,200, ambalo kitovu chake kiko sentimita 80 kutoka ardhini, na nafasi baina ya magurudumu ya kushoto na ya kulia ni mita moja na nusu. Kwa hesabu za karatasi, gari hilo hupinduka likiinama kwa nyuzi 43 hivi. Sasa lipakie kilo 150 kwenye keria, mita mbili kutoka ardhini: tairi la akiba, mitungi ya maji, hema na jeki. Kitovu hupanda kwa karibu sentimita nane. Ndiyo kusema keria iliyosheheni hukipandisha kitovu kuliko springi za kuinua gari kwa sentimita tano, na mwenye keria hiyo huenda asijihesabu kuwa amelibadilisha gari lake hata kidogo.

Ondoa mizigo hiyo, kisha wakalishe watu wazima watatu juu ya paa, jambo ambalo msafiri wa kaskazini ya Kenya amelishuhudia mara nyingi. Kitovu hupanda kwa takriban sentimita 13 na pembe ya kupinduka hushuka hadi nyuzi 39. Hizo ni hesabu za gari lililosimama, lisilo na springi wala tairi linalobonyea. Gari halisi huegama upande wa chini mzigo unapolilemea, abiria nao huegamia upande uo huo, na gurudumu moja likiingia shimoni nyuzi kadhaa hupotea kwa mkupuo mmoja. Kinachobaki mkononi mwa dereva ni kidogo mno.

Tofauti kati ya mtalii na mfanyabiashara wa uchukuzi ni kwamba wa kwanza huihatarisha nafsi yake kwa hiari. Wa pili amembeba mama mjamzito anayekwenda hospitalini Nanyuki, mwanafunzi anayerudi shuleni, na mzee aliyeuza mbuzi wake sokoni. Hao hawakuulizwa kama wanataka gari refu.

Hii haina maana kwamba springi zisiguswe. Gari lililobeba mizigo mizito kwa miaka mingi huwa springi zake zimelala, na kuziweka mpya zenye nguvu inayolingana na uzito wa kila siku ni ukarabati wa haki. Kuinua bodi kwa sentimita nne au tano huipa tairi nafasi ya kupanda na kushuka, huepusha tumbo la gari na kingo za mawe, na hulipa gari pembe nzuri zaidi ya kuukabili mteremko wa laga kabla bampa halijagusa. Zaidi ya hapo, madhara huanza kufuatana. Shafti ya kupeleka nguvu kwenye ekseli hufanya kazi kwa pembe kali na viungo vyake huisha upesi. Mipira ya breki huvutika ekseli inaponing'inia. Usukani hupoteza tabia yake ya kujirudisha, na gari likafika kwenye lami likitangatanga.

Mwenye gari amwambie fundi uzito anaobeba kila siku kabla ya kununua chochote. Springi ngumu zilizokusudiwa tani moja ya mizigo zikiwekwa kwenye gari linalokwenda tupu, gurudumu litaruka juu ya changarawe badala ya kuikumbatia, na breki hazisaidii gurudumu lililo hewani. Shokomzoba ziende sambamba na springi hizo.

Nguvu inakopotelea

Watu wengi hushangaa gari linalovuta kwa magurudumu yote manne linapokwama huku magurudumu mawili tu yakizunguka. Si hitilafu. Difu ya kawaida iliundwa kuruhusu gurudumu la nje lizunguke upesi kuliko la ndani gari linapokata kona, na kwa umbile lake hilo haiwezi kulipa gurudumu lililoshika ardhi nguvu zaidi ya ile inayopokewa na lililo hewani. Gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakining'inia, gari zima limekufa.

Dawa yake ni kifaa cha kufunga difu, kiwe cha umeme, cha upepo au cha kujifunga chenyewe, ambacho huyalazimisha magurudumu ya ekseli moja kuzunguka pamoja. Kwa anayepanda miamba mara kwa mara, kufunga difu ya nyuma kunaleta faida kubwa kuliko sentimita kumi za kimo, na hakukipandishi kitovu cha uzito. Kitumike polepole na mahali palipoharibika tu, kwani mbele kikifungwa usukani huwa mgumu, na juu ya lami kavu huvunja vyuma.

Winchi nayo ina heshima yake. Kanuni ya kawaida ni kwamba nguvu yake isipungue mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakiwa. Gari la tani tatu lahitaji winchi ya kuvuta tani nne na nusu, takriban pauni 10,000. Puli moja inayorudisha kamba garini huongeza nguvu maradufu na kupunguza mwendo kwa nusu. Lakini winchi pamoja na bampa la chuma la kuibeba huweza kuongeza kilo 80 hadi 100 mbele ya gari, kwa hivyo springi za mbele lazima zizingatie hilo. Ndani ya laga pana isiyo na mti wala mwamba wa kufungia kamba, koleo na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu huweza kuwa na manufaa zaidi.

La muhimu kuliko winchi yenyewe ni ndoano za kuvutia zilizofungwa kwa boliti kwenye chesisi, mbele na nyuma. Tufe la kukokotea trela halikuundwa kuhimili mvuto wa ghafla. Likikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa njia hiyo katika nchi nyingi. Wanaotazama wasimame mbali na kamba iliyokazwa, na blanketi au koti zito litandikwe juu yake.

Snokeli, lile bomba linaloipandisha njia ya hewa hadi usawa wa paa, huizuia injini isivute maji, maana maji hayabanwi kama hewa na huweza kupinda mikono ya pistoni kwa mzunguko mmoja. Huku kwetu faida yake ya kila siku ni kuvuta hewa yenye vumbi pungufu. Wanaoliweka wasisahau kurefusha vipumulio vya difu na giaboksi, la sivyo maji yataingilia huko. Wala bomba hilo lisimpe mtu ujasiri wa kuvuka laga iliyofurika. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 tu huweza kulibeba gari la kimo hiki, na mafuriko ya laga hufika mvua ikiwa imenyesha mbali, mbingu ikiwa safi kabisa juu ya dereva.

Funzo la mashindano

Wanaotetea magari marefu hupenda kutaja Rhino Charge, mashindano yaliyoanza mwaka wa 1989 ili kuchangia ujenzi wa ua wa umeme wa kuzunguka msitu wa Aberdare. Ua huo, wenye urefu wa kilomita 400 hivi na unaopita pia katika Kaunti ya Nyeri, ulikamilika mwaka wa 2009. Washiriki hutakiwa kufikia vituo 13 kwa muda wa saa kumi, na mshindi ni yule aliyetembea umbali mfupi zaidi, hata ikiwa ni kupitia makorongo.

Magari ya mashindano hayo yanastaajabisha, lakini yatazameni vizuri. Mengi yamekatwa bodi na kuvuliwa kila kisichohitajika, yakafungwa vyuma vya kuwakinga waliomo endapo yatapinduka. Hayana keria yenye mahema wala abiria wa kulipa nauli. Waliomo hujifunga mikanda na kuvaa kofia ngumu. Zaidi ya hayo, kundi huwa na watu wanaokimbia mbele kwa miguu kuchunguza njia kabla gurudumu halijaikanyaga. Hilo la mwisho halihitaji fundi. Kushuka garini na kutembea mita 50 ndani ya laga, ukikanyaga mchanga kuona kama umeshikamana, ni jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya akiwa na gari lolote.

Sheria nayo haijakaa kando. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, huamuru gari lililo barabarani liwe katika hali salama, na mabadiliko yanayogusa maelezo ya usajili, kama vile injini, rangi au bodi, hupaswa kuarifiwa Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA). Bima ya kuwafidia wengine ni ya lazima chini ya Sura ya 405. Mwenye gari aliyeinua springi, akaongeza ukubwa wa matairi na kufunga winchi bila kumwarifu mwenye bima, anampa sababu ya kuupinga mkataba siku ya ajali. Barua moja yatosha, na nakala yake ihifadhiwe.

Mwisho ni ardhi yenyewe. Nje ya barabara za umma, sehemu kubwa ya Mukogodo ni malisho ya jamii, ambayo zamani yaliitwa ranchi za vikundi na sasa husimamiwa kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka wa 2016. Kijia kinachoonekana hakina mwenyewe kina wenyewe, na ruhusa huombwa kwao kabla ya safari. Gurudumu linalozunguka mahali pamoja huondoa nyasi chache zilizoushikilia udongo mwekundu, na mvua inayofuata huigeuza alama hiyo kuwa mfereji, kisha korongo.

Ipo pia sababu ya kihistoria ya kutoacha njia ovyo. Wanajeshi wa Uingereza wamefanya mazoezi katika maeneo haya kwa miongo mingi, na mwaka wa 2002 Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 wa Doldol na Archer's Post, waliojeruhiwa au kupoteza jamaa kutokana na silaha zilizoachwa bila kulipuka. Wengi wao walikuwa wachungaji. Mgeni akiona chuma asichokijua, asikiguse, na awaulize wenyeji njia ya kupita.

Na kabla ya kurudi lamini, upepo ukijazwa, boliti za magurudumu zikikazwa upya na mipira ya breki ikikaguliwa, uvungu nao upekuliwe kwa fimbo. Mpungate, ule mmea wa miiba ulioletwa Doldol enzi za ukoloni kuwa ua na ukayavamia malisho, huota upya kutokana na kipande kimoja tu kinachoangukia ardhini. Kilichonaswa juu ya ekseli kitupwe palepale kilipotoka, kisifike Nanyuki.